Tangazo Ambalo Halikusomwa: Maisha ya Mwenyeheri Bernhard Lichtenberg

Kila Dominika, kabla ya baraka ya mwisho, parokia zetu husoma matangazo. Ndoa zinatangazwa, michango inakumbushwa, zamu ya usafi wa kanisa inatajwa kwa jina la jumuiya. Ni sehemu ya ibada ambayo wengi wetu tunaisikiliza kwa nusu sikio. Mwezi Oktoba 1941, katika jiji la Berlin, padre mwenye umri wa miaka 65 aliandika tangazo la namna hiyo, fupi tu, ili lisomwe katika kanisa kuu la jimbo. Polisi walilikuta nyumbani kwake kabla ya Dominika kufika. Kwa sababu ya tangazo hilo, na sala aliyokuwa akiisali kila jioni, padre huyo alifungwa, na miaka miwili baadaye akafa akiwa mikononi mwa wale waliomfunga.

Padre huyo ni Mwenyeheri Bernhard Lichtenberg, ambaye Kanisa linamkumbuka tarehe 5 Novemba. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo waseminari na waamini hutuuliza mara kwa mara: chuki inapopanda katika nchi na kuanza kumwaga damu, parokia ina nini mkononi cha kuizuia, na ina nini cha kuwapa wale iliowajeruhi?

Kijana wa Ohlau

Bernhard alizaliwa tarehe 3 Desemba 1875 katika mji mdogo wa Ohlau, eneo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ujerumani. Leo mji huo unaitwa Oława na uko Poland. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mfanyabiashara Mkatoliki, katika mji ambao Wakatoliki walikuwa wachache kati ya Waprotestanti wengi. Miaka hiyo serikali ya Bismarck ilikuwa katika mvutano mkali na Kanisa. Maaskofu na mapadre kadhaa walifungwa au kuondolewa katika nafasi zao. Bernhard alikulia katika familia iliyojua maana ya kuwa wa kundi dogo linalotazamwa kwa mashaka.

Alisoma teolojia Innsbruck, nchini Austria, na kisha Breslau, ambako alipewa daraja takatifu la upadre mwaka 1899. Mwaka uliofuata alitumwa Berlin, na utume wake wote uliobaki aliufanya humo. Berlin ilikuwa ikikua haraka kwa viwanda, na Wakatoliki wake, wengi wao wafanyakazi waliotoka mikoa ya mashariki, walikuwa wametawanyika katika jiji ambalo halikuwa lao. Mwaka 1913 alifanywa paroko wa parokia ya Moyo Mtakatifu wa Yesu huko Charlottenburg. Alihimiza ujenzi wa makanisa, alitembelea familia, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliwahi pia kuwa diwani wa eneo lake kupitia chama cha Wakatoliki kilichoitwa Zentrum.

Alikuwa pia katika umoja wa Wakatoliki wa Ujerumani waliotafuta amani kati ya mataifa. Mwaka 1931 umoja huo uliwahimiza watu kwenda kutazama filamu iliyoonyesha ubaya wa vita, filamu ambayo wafuasi wa Hitler walikuwa wamefanya fujo katika majumba ya sinema ili isionyeshwe. Gazeti la Joseph Goebbels mjini Berlin lilimshambulia Lichtenberg vikali. Hitler alikuwa bado hajashika madaraka, lakini watu wake walikuwa tayari wanalijua jina la padre huyo.

Moto mbele ya mlango wa kanisa

Katika miaka hiyo Lichtenberg alihamishiwa katika baraza la mapadre wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Hedwig, katikati ya jiji. Kanisa hilo limejengwa pembeni mwa uwanja mkubwa, jirani na jumba la opera na chuo kikuu. Katika uwanja huohuo, tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wa chuo kikuu walichoma moto maelfu ya vitabu vya waandishi Wayahudi na wengine waliochukiwa na utawala mpya. Tunataja jambo hilo kwa sababu vurugu za chuki mara chache huanza na mauaji. Kabla yake huja dhihaka, magazeti, nyimbo za barabarani, vitabu motoni. Anayesubiri damu ndipo aseme neno amechelewa sana.

Lichtenberg hakusubiri. Mwaka 1935 alipata taarifa za mateso waliyofanyiwa wafungwa katika kambi ya Esterwegen. Aliandika malalamiko rasmi na kuyapeleka katika wizara iliyokuwa chini ya Hermann Göring. Wakubwa walikanusha, na jina lake likaongezewa alama mbaya katika mafaili ya polisi wa siri, yaani Gestapo. Mwaka huohuo sheria za Nuremberg ziliwanyang'anya Wayahudi haki za uraia. Sheria hizo zilimpima mtu kwa damu ya babu na bibi zake, si kwa imani yake, hivyo hata Mkatoliki aliyebatizwa utotoni aliweza kuhesabiwa kuwa Myahudi. Chuki ikawa imeketi ndani ya kanisa, benchi moja na wale waliochukiwa.

Sala yenye majina

Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, chuki hiyo ilitoka barabarani kote Ujerumani. Masinagogi yalichomwa, maduka ya Wayahudi yalivunjwa vioo na kuporwa, watu walipigwa na wengine kuuawa. Wazima moto walizuia moto usifike nyumba za jirani, lakini waliyaacha masinagogi yateketee. Wanaume Wayahudi wapatao 30,000 walikamatwa na kupelekwa katika kambi za mateso.

Baada ya usiku huo, Lichtenberg, ambaye mwaka huohuo alikuwa amefanywa mkuu wa baraza la mapadre wa kanisa kuu, alipanda mimbarini wakati wa sala ya jioni na kuwaombea Wayahudi hadharani. Aliwakumbusha waamini kwamba sinagogi lililokuwa likiungua nje nalo ni nyumba ya Mungu. Hakutumia maneno ya jumla ya kuwaombea wote wanaoteseka. Aliwataja: Wayahudi, Wakristo wenye asili ya Kiyahudi, wafungwa wa kambi za mateso. Aliendelea hivyo jioni baada ya jioni, kwa karibu miaka 3.

Tunaomba wasomaji wetu wasimame hapa kidogo. Sala ya jumla haina hatari, na mara nyingi haina pia ujumbe. Katika nchi ambayo redio, magazeti na shule vilifundisha kila siku kwamba Myahudi ni adui, kulitaja jina hilo mbele ya altare kama jina la jirani kulivunja uongo bila hotuba ndefu. Waliosali pamoja naye walisikia kila jioni kwamba watu wale ni watu. Kwa karibu miaka 3 sala hiyo ilisikika katikati ya makao makuu ya utawala wa Hitler, na padre hakukamatwa kwa ajili yake.

Ofisi yenye mlango ulio wazi

Lichtenberg alijua kwamba sala peke yake haimpi mtu mkate. Mwaka 1938 Askofu Konrad von Preysing wa Berlin alianzisha ofisi ya msaada chini ya jimbo, na Lichtenberg akawa na dhamana juu yake. Ofisi hiyo ililenga kwanza Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi, kwa kuwa walikuwa hawana pa kwenda: serikali iliwahesabu Wayahudi, na ndugu zao katika imani waliwaogopa. Lakini haikuwafungia mlango wasio Wakatoliki.

Kazi zake zilikuwa za kawaida kabisa. Watu walisaidiwa kupata hati za kuhamia nchi za nje, wakati njia hiyo ilikuwa bado haijafungwa. Walipewa chakula, nguo, dawa na fedha. Walifukuzwa kazini, na ofisi ikatafuta namna ya kuwashika mkono. Wale walioogopa kutoka nje walitembelewa nyumbani. Mhimili wa kazi hiyo alikuwa mwanamke mlei, Margarete Sommer, aliyejiunga na ofisi mwaka 1939. Lichtenberg alipokamatwa, ndiye aliyeendelea kuiongoza chini ya askofu. Treni zilipoanza kuwachukua watu, yeye na wenzake walikwenda katika nyumba za waliopewa amri ya kuondoka, wakakaa nao, wakawaandaa. Kisha alikusanya taarifa kuhusu yaliyowapata huko walikopelekwa na kuziwasilisha kwa maaskofu, ili asiwepo wa kusema hakujua. Alisaidia pia baadhi ya watu kujificha.

Hapa kuna fundisho ambalo sisi tunaojiandaa kwa upadre tusilipite haraka. Lichtenberg angeweza kuwa shujaa wa mimbarini tu, na kazi yake ingekoma siku alipokamatwa. Haikukoma, kwa sababu ilikuwa na ofisi, watu waliofunzwa, na mlei mmoja aliyezijua familia kwa majina na anwani.

Barua, wanafunzi wawili na tangazo

Mwaka 1941 ilikuwa imejulikana kwamba utawala ulikuwa ukiwaua kwa siri wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu. Hadi Agosti mwaka huo takriban watu 70,000 walikuwa wameuawa katika vituo maalumu. Askofu Clemens August von Galen wa Münster alilipinga jambo hilo mimbarini. Mwishoni mwa Agosti Lichtenberg aliandika barua kwa daktari mkuu wa serikali, akiunga mkono maneno ya askofu huyo na kumdai maelezo. Aliweka jina na sahihi yake chini.

Siku hizohizo, tarehe 29 Agosti, wanafunzi wawili wa kike waliingia katika Kanisa la Mtakatifu Hedwig. Hawakuwa wameenda kusali. Walimsikia padre akiwaombea Wayahudi na wafungwa wa kambi, wakatoka na habari hiyo, na ikafika kwa Gestapo.

Septemba 1941 Wayahudi wa Ujerumani walilazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo zao. Muda mfupi baadaye, vipeperushi visivyo na jina la mwandishi vilisambazwa katika nyumba za Berlin. Vilionya kwamba Mjerumani yeyote anayemsaidia Myahudi, hata kwa kumsalimu tu kwa wema, ni msaliti wa taifa lake. Tarehe 18 Oktoba treni ya kwanza ya Wayahudi wa Berlin, yenye watu zaidi ya 1,000, iliondoka kuelekea Łódź, katika Poland iliyokuwa imetekwa.

Ndipo Lichtenberg alipoandika tangazo lake. Alikusudia lisomwe katika Misa za Dominika. Lilieleza kwamba kipeperushi kisicho na jina kimepita katika nyumba za waamini, nalo liliwaomba wasidanganyike, bali washike amri ya Bwana ya kumpenda jirani kama nafsi yao. Hapakuwa na tusi kwa mtu yeyote wala siasa ya chama. Paroko alikuwa akijibu uongo uliopita chini ya milango ya waamini wake, kwa njia ileile anayotumia kutangaza ndoa.

Tarehe 23 Oktoba 1941 Gestapo walifika. Walipopekua nyumba yake walilikuta tangazo, na pamoja nalo kitabu cha Hitler, Mein Kampf, ambacho padre alikuwa amekisoma na kuandika pembezoni hoja zake za kukipinga. Walipomhoji hakuficha kitu. Alieleza kwamba mafundisho yale hayapatani na imani yake, kwamba kuwahamisha Wayahudi kwa nguvu kunapingana na sheria ya Mungu, na kwamba yuko tayari kuchukua matokeo ya msimamo huo. Aliomba hata aruhusiwe kwenda pamoja na waliohamishwa, awahudumie huko.

Gereza na njia ya Dachau

Tarehe 22 Mei 1942 mahakama maalumu ilimhukumu kifungo cha miaka 2. Makosa yaliyotajwa yalikuwa kutumia mimbari vibaya na kuvunja sheria dhidi ya wasaliti. Alikuwa mzee, mwenye maradhi ya moyo na figo, na gereza lilimdhoofisha zaidi. Wakati akiwa gerezani, mwezi Machi 1943, mabomu ya ndege yaliteketeza Kanisa la Mtakatifu Hedwig, mahali pa sala zake zote.

Kifungo kilipokaribia kwisha, Askofu Preysing alimtembelea akiwa na ujumbe wa Gestapo: angeachwa huru kama angekubali kutohubiri muda wote wa vita. Lichtenberg alikataa, akarudia ombi lake la kwenda kuishi na Wayahudi na Wakristo wenye asili ya Kiyahudi huko Łódź. Oktoba 1943 alitoka gerezani akaingia moja kwa moja mikononi mwa Gestapo, na baada ya siku chache katika kambi ya Wuhlheide akapangiwa kupelekwa Dachau. Hakufika. Njiani, katika mji wa Hof huko Bavaria, walioona hali yake walimpeleka hospitali. Alifariki tarehe 5 Novemba 1943, akiwa na miaka 67.

Mwili wake ulirudishwa Berlin, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wafungwa wa Gestapo. Siku ya maziko, tarehe 16 Novemba, maelfu ya watu walifuata jeneza, katika jiji lililokuwa chini ya mabomu na macho ya polisi. Mwaka 1965 masalia yake yalihamishiwa chini ya Kanisa la Mtakatifu Hedwig. Tarehe 23 Juni 1996 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri na mfiadini katika uwanja mkubwa wa michezo wa Berlin, pamoja na Padre Karl Leisner. Mwaka 2004 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimwandika kati ya watu wa mataifa waliowatendea Wayahudi haki. Margarete Sommer aliandikwa mwaka uliotangulia.

Parokia ina nini mkononi?

Mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake: sala ile ilizuia nini? Treni ziliendelea kuondoka. Wayahudi wa Berlin waliuawa kwa maelfu mengi. Hatutaki kulipamba jibu. Padre mmoja na ofisi moja havikutosha kuzuia utawala mzima. Kama kila parokia ya Ujerumani ingesali sala ile kila jioni tangu 1933, labda tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Lakini nyingi zilinyamaza, na kimya hicho nacho kilisikika.

Hata hivyo wako waliokula kwa sababu ofisi ile ilikuwepo, wako waliovuka mpaka, wako waliojificha wakaishi. Na wako waliopanda treni wakijua kwamba kuna mahali ambapo jina la watu wao lilikuwa likitajwa kwa upendo. Kwa aliyejeruhiwa na chuki, hilo si jambo dogo. Chuki humwambia kwamba hana mwenyewe. Kanisa lilimwambia kwamba anaye.

Sisi wa ukanda huu tusijifanye kwamba habari hii ni ya mbali. Mwaka 1994 huko Rwanda, redio ilifanya kazi ileile ya vipeperushi vya Berlin, na watu waliuawa ndani ya makanisa walikokuwa wamekimbilia, wengine na watu waliopokea nao Ekaristi. Kenya ilionja uchungu wake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Popote ilipo parokia, ipo pia hatari hiyo, na zipo pia nyenzo alizotumia Lichtenberg. Haziombewi ufadhili. Mimbari ipo. Maombi ya waamini yapo, na tunaweza kuwataja humo kwa jina watu ambao mtaa wetu unawasema vibaya. Matangazo yapo, na uongo unaosambaa katika simu zetu unaweza kujibiwa humo kwa sentensi tatu za upole. Jumuiya ndogondogo zipo, zinazojua nani amehamia, nani ametishwa, duka la nani limechomwa. Karitas ya parokia ipo, au inaweza kuwepo.

Lakini nyenzo hizo zinahitaji kuandaliwa mapema. Ofisi ya Berlin ilikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na orodha. Je, parokia yako inajua familia iliyofukuzwa usiku itabisha hodi wapi? Kuna mlei aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina? Kuna akiba ya chakula na mablanketi, au tutaanza kuchangishana siku ambayo barabara zimefungwa? Paroko anafahamiana na shehe na mchungaji wa jirani kiasi cha kuwapigia simu saa sita usiku? Maswali haya yafaa kuulizwa katika kikao cha halmashauri ya walei wakati nchi imetulia. Nchi ikishawaka, hakuna kikao.

Kwa ndugu zetu mafrateri, tunaongeza jambo moja. Siku moja mtakabidhiwa mimbari, nanyi mtajaribiwa kuitunza kwa kuifanya isimkere mtu. Lichtenberg hakuwa mtu wa kelele. Alisali Rozari yake, aliwatembelea wagonjwa wake, akaandika tangazo lake kwa lugha ya katekisimu. Ukaidi wake wote ulikuwa katika kukataa kumwondoa mtu yeyote katika neno jirani.

Mwenyeheri Bernhard Lichtenberg, utuombee.